TV haitoi sauti kwenye mziki, deki haisomi CD, sabufa inavuma: pita hapa kabla hujafungua bodi

Kuna mama mmoja Mbagala, mwanae kamnunulia TV ya inchi 55, na yeye ana mziki wake wa zamani wa deki ya DVD wenye spika tano na sabufa, kaachiwa na marehemu mumewe, hataki hata kusikia habari ya kuutoa sebuleni. Shida ni kwamba TV mpya haitoi sauti kwenye huo mziki. Kabla yangu kashaambiwa bodi ya sauti ya TV imekufa inunuliwe nyingine, na TV yenyewe ina wiki mbili! Nikamwambia mama subiri, tusifungue kitu kwanza, nikaanza kufuata waya. Nyuma ya TV umetoka ule waya mwembamba wa mwanga, wa tundu lililoandikwa OPTICAL, umeingia kwenye kikonveta kidogo kama kiberiti, na kikonveta kimetoa waya nyekundu na nyeupe kwenda kwenye mziki. Nikachomoa ncha ya ule waya wa mwanga, kumbe kale kafuniko ka plastiki kanakokuja nao kutoka dukani bado kapo kwenye ncha, waya umelazimishwa hivyohivyo ukakaa, mwanga haupiti. Nikakavua, nikaona nukta nyekundu inawaka kwenye ncha, nikarudisha. Sauti ikaja lakini mkwaruzo mtupu, kshhhh. Nikaingia menyu ya sauti ya TV, sehemu ya sauti ya dijitali ilikuwa Bitstream (sauti iliyobanwa), nikaweka PCM (isiyobanwa), na mama akasikia taarifa ya habari kwenye spika za mumewe. Dakika kumi, na bisibisi haikutoka kwenye begi.

Mi nimefunga hivi vitu majumbani miaka mingi na naumia sana nikiona mtu anauza mziki mzima kwa bei ya chuma chakavu au anafunguliwa TV bila sababu, wakati tatizo lipo njiani. Picha na sauti zinasafiri: kutoka kwenye CD au flashi au king'amuzi, zinapita kwenye waya, zinaingia TV, zinatoka tena kwenda kwenye amplifaya, afu spika. We fuata hiyo safari kituo kimoja baada ya kingine, na kila ukibadilisha kitu badilisha kimoja tu kisha jaribu, maana ukichomoa waya tatu na kubadili setingi nne kwa pamoja hata ikipona hutajua kilichoponya, na kesho ikirudi unaanza upya.

Sauti inatoka kwenye TV, kwenye mziki kimya

Hili ndo naitiwa zaidi kuliko yote. Kwanza angalia umechomeka wapi. TV nyingi zina matundu ya njano, nyeupe na nyekundu na watu wanachomeka waya wa mziki hapo wakitegemea sauti itoke, ila soma maandishi ya pembeni, yakisema AV IN maana yake hapo ni pa kuingizia, hapatoi kitu. Pa kutolea pataandikwa OUT, au patakuwa tundu la hedifoni, au hilo la mwanga, au HDMI yenye herufi ARC. TV za siku hizi nyingi nyeupe na nyekundu ya kutolea hawaweki tena kabisa, ndo maana vile vikonveta vimejaa Kariakoo.

Kama una HDMI yenye ARC pande zote mbili tumia hiyo, achana na mengine. ARC inarudisha sauti ya TV kwenye mziki kwa waya uleule, ila ina masharti. Lazima uchomeke kwenye tundu lenyewe la ARC na sio HDMI yoyote, na lazima ile huduma ya vifaa kuwasiliana iwashwe, Samsung wanaiita Anynet+, LG ni SimpLink, Sony ni Bravia Sync, ikiwa imezimwa ARC nayo mara nyingi inalala. Afu jua kwamba ARC ilikuja na toleo la HDMI 1.4 mwaka 2009, kwa hiyo deki yako ya spika tano ya 2007 hata kama ina HDMI nyuma, hiyo ni ya kupeleka picha kwenye TV tu, sauti hairudi humo hata ukeshe. Hapo rudi kwenye waya wa mwanga au wa nyekundu na nyeupe, na kwenye mziki chagua AUX kwa waya wa nyekundu na nyeupe au D.IN kwa waya wa mwanga, usiache kwenye DVD.

Kikonveta kile cha kiberiti kinaelewa PCM tu, ndo kilichotokea Mbagala. TV ikikipelekea Dolby, aina moja ya sauti iliyobanwa, kitakaa kimya au kitakwaruza. Lakini kama mziki wako wenyewe una tundu la mwanga na umeandikwa Dolby Digital, fanya kinyume, weka Bitstream au Auto, kwa sababu PCM kwenye waya wa mwanga inabeba chaneli mbili tu na utakuwa umeziua spika za nyuma kwa mkono wako.

Muvi ya kwenye flashi ina picha, sauti hakuna

Muvi nyingine zinaimba vizuri, hii moja tu kimya, na TV inaandika kwamba sauti hii haikubaliki. Hapo spika nzima na flashi nzima. Muvi hiyo sauti yake imefungwa kwa DTS, aina nyingine ya kubana sauti, na TV nyingi hazina leseni ya kuifungua, kwa mfano Samsung kuanzia modeli za 2018 waliiondoa. Watu wanashangaa TV ya zamani ilikuwa inaicheza hii mpya na ghali haichezi, ndo hivyo, na haitengenezeki kwa fundi.

Dawa zipo. Bonyeza kitufe cha sauti au chaguzi wakati muvi inacheza uone kama ina njia ya pili ya sauti, wakati mwingine ipo AC3 au AAC na hizo TV inazijua. Kama TV yako ni ya Android weka VLC ucheze humo, yenyewe inafungua DTS bila kuomba msaada wa TV. La sivyo nenda kwenye kompyuta, HandBrake ni ya bure, ibadilishe sauti iwe AAC au AC3.

Ikiwa ni kinyume chake, sauti inasikika na kioo hakionyeshi muvi, basi mara nyingi picha imebanwa kwa njia mpya ya H.265 na TV ni ya zamani inayoishia H.264. Na kama flashi haionekani kabisa, muundo wake (format) ndo shida, deki za zamani nyingi zinajua FAT32 tu, na FAT32 haikubali faili moja kuzidi GB 4, kwa hiyo muvi kubwa haitaingia. Hadi diski ya nje inayotoa mlio wa tik tik haina ubovu lazima, inaweza kuwa na njaa ya umeme, tundu la USB 2.0 linatoa milliampia 500 tu na diski nyingine zinataka zaidi wakati wa kuanza kuzunguka.

Deki haisomi CD

Nasema CD kwa sababu sote tunaziita CD, ila humo ndani kuna VCD, DVD na Blu-ray, na tofauti yake ndo inakupa jibu. Jicho la deki ya DVD lina miale miwili: wa CD na VCD ni wa nanomita 780, wa DVD ni mwekundu wa nanomita 650. Sasa ikisoma VCD za kwaya vizuri afu DVD inaandika NO DISC, unajua mota inazunguka, bodi inafanya kazi, ule mwale mwekundu ndo umechoka au jicho lina vumbi. Ikigoma zote mbili, fikiria vumbi kwanza, au mota, au ule utepe mwembamba unaounganisha jicho na bodi umelegea. Blu-ray yenyewe inasomwa na mwale wa nanomita 405 ambao deki ya DVD haina, kwa hiyo usihangaike kuisafisha, haitasoma milele.

Kusafisha jicho: chomoa kwenye umeme, kijiti cha pamba, tone la spiriti ya isopropili, gusa kioo kile kidogo taratibu kama unamfuta mtoto machozi, acha kikauke. Usitumie pafyumu wala mafuta ya taa, nimeona majicho yaliyopata ukungu mweupe kwa ajili ya hayo. Pwani kwetu huku Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, chumvi ya hewani inakula ncha za waya, na mende wanapenda ndani ya deki maana pana joto, ukifungua unakuta mayai. Funika matundu ya nyuma usiyotumia ila ya hewa yaache wazi.

CD yenyewe ifute kutoka katikati kwenda nje kwa mstari ulionyooka, usizungushe. Sababu ni kwamba taarifa zimeandikwa kwa kuzunguka, mkwaruzo unaokatiza njia unaharibu kidogo kila mzunguko na deki inajua kuziba hilo pengo, ila mkwaruzo unaofuata njia unafuta kipande kirefu cha mfululizo na hapo muvi inaganda palepale kila siku.

Kama CD ni mpya, haina hata alama, na deki inaandika habari za REGION, yaani kanda, basi umeletewa kutoka mbali. Tanzania, Kenya na sehemu kubwa ya Afrika ni kanda namba 5 ya DVD. Marekani na Kanada ni 1. Uingereza na Uarabuni ni 2, kwa hiyo DVD halisi aliyokununulia shangazi Muscat inaweza kukataa kwenye deki ya hapa. Blu-ray wana mgawanyo wao wa herufi, sisi na Ulaya na Uarabuni tuko B pamoja, Marekani ni A, na zile za 4K Ultra HD hazina kanda kabisa, unacheza popote. Deki nyingi za DVD zina namba za siri za rimoti za kufungua kanda zote, tafuta kwa jina la modeli kamili iliyo nyuma. Kwenye kompyuta ni hatari, unaruhusiwa kubadili mara 5 tu afu inajifunga hapohapo ilipo.

Na kuna lile la picha mbovu. Mtu kanunua TV kubwa ya 4K, kaweka CD ya muvi 20 kwa moja, picha ina miraba miraba, anasema TV feki. Hebu piga hesabu na mimi. DVD ya kawaida inabeba GB 4.7, gawa kwa muvi 20, kila muvi imepata kama MB 235, wakati muvi halisi moja huwa inapewa hadi GB 8.5 peke yake. Halafu picha ya DVD ya mfumo wa PAL, huu wa kwetu, ina nukta 720 kwa 576, TV ya 4K ina 3840 kwa 2160, yaani kila nukta moja ya CD inabidi ifunike nukta 20 za kioo, ishirini kamili. Hakuna TV ya kutengeneza sura ya mtu kutoka hapo. Weka deki kwa HDMI badala ya waya wa njano, punguza ukali wa picha kwenye menyu, hapo umefika mwisho. Ukitaka kuona TV yako inaweza nini tafuta Blu-ray. Na kama mtoto ana PS4 ndani, hiyo inacheza Blu-ray na DVD tayari usinunue deki nyingine, PS5 yenye mdomo wa CD inacheza hadi za 4K. Ila CD za nyimbo zote mbili hazichezi.

Picha haina rangi, imekatwa, au inateleza ajabu

Nyeusi na nyeupe: kwenye TV flati mara nyingi ni waya wa njano. Tundu la kijani linatumika pia kama la njano kwenye TV nyingi, ukichomeka hapo afu ukachagua Component badala ya AV, rangi zinapotea. Kwenye TV ya chogo ni mfumo, CD ya Marekani ni NTSC na TV inajua PAL, ingia kwenye deki chagua PAL au Auto.

Kingo zimekatwa, maandishi ya chini hayaonekani yote au saa ya kituo imeliwa nusu: TV inakuza picha kidogo, tafuta kwenye ukubwa wa picha neno kama Just Scan au Screen Fit.

Muvi inaonekana kama tamthilia iliyopigwa kwa kamera ya simu, watu wanateleza: TV inatunga picha za katikati, kwa sababu sinema ina picha 24 kwa sekunde na kioo kina 50 au 60 au zaidi. LG inaitwa TruMotion, Samsung Auto Motion Plus, Sony Motionflow. Zima. Kwa mpira iache kama unapenda.

Rangi zinarudi kuwa kali kila baada ya dakika kadhaa hata ukizipunguza: TV bado iko kwenye hali ya dukani. Menyu, tafuta Store au Shop au Retail, weka Home.

TV inaandika hakuna signal

Chagua tundu sahihi kwanza, HDMI 1 sio HDMI 2, jamani hili linachukua nusu ya safari zangu. Likiwa sahihi, zima vyote ukutani, TV, mziki, deki, king'amuzi, hesabu dakika mbili tatu, washa TV, afu mziki, afu deki. Vifaa vya HDMI vinasalimiana na kupeana funguo vikianza, salamu ikikatika katikati kioo kinabaki cheusi, na umeme unaokatika na kurudi ghafla unaikata sana hiyo salamu.

Ikiwa deki ya zamani ndo haionekani kwenye TV mpya, kwenye menyu ya TV kuna kuruhusu rangi nyingi za 4K kwenye kila HDMI, LG wanaandika HDMI Deep Colour, Samsung Input Signal Plus, izime kwa tundu hilo tu. Ikiwa ni kinyume, deki ya 4K inaonyesha HD ya kawaida au nyota nyota na kukatika, iwashe, na angalia waya, 4K ya picha 60 kwa sekunde yenye HDR (mwanga na rangi pana zaidi) inataka waya wa gigabiti 18 kwa sekunde, ule wa bure uliokuja na king'amuzi mwaka 2013 hauwezi, hasa ukiwa mrefu. Na amplifaya ya zamani isiyojua HDCP 2.2, ule ufunguo wa kuzuia kunakili, ikikaa katikati inaziba 4K, pitisha deki moja kwa moja kwenye TV na sauti irudi kwa ARC.

Sabufa inavuma mmmmm hata hakuna muziki

Chomoa waya zote za kuingiza sauti, acha umeme na spika tu. Ikiendelea kuvuma, ugonjwa umo ndani ya amplifaya, kapasita za pawasaplai zimechoka, huyo mpeleke kwa fundi. Ikinyamaza basi uvumaji unaingia kutoka nje, rudisha waya mmoja mmoja hadi uvume, umemkamata. Kwangu mimi mara nyingi mwizi ni waya wa antena au wa dishi, kwa sababu dishi lina ardhi yake (earth) huko juu ya bati na mziki una ardhi yake kwenye soketi, umeme wa Hz 50 unazunguka kati yao na sabufa inauimba. Chomeka TV, king'amuzi na mziki kwenye ekstensheni moja, tenganisha waya za sauti na waya za umeme zisilale pamoja, mara nyingi inatosha. Sasa kuna watu wanakata pini ya ardhi kwenye plagi ili uvumaji uishe. Nakuomba usifanye. Ile pini ndo inayokulinda siku ambayo umeme utagusa boksi la chuma, na watoto ndo wanaoshika sabufa kwa mikono yenye maji.

Spika za nyuma kimya, maneno hayasikiki, au mziki umeandika PROTECT

Spika za nyuma kuwa kimya mara nyingi sio ubovu. Kitu unachosikiliza kina chaneli mbili tu, nyimbo, muvi ya kwenye simu, king'amuzi kwa waya mwekundu na mweupe, na mziki unakuwa mwaminifu unatoa mbili. Weka Pro Logic au hali yoyote ya kusambaza sauti kwenye spika zote. Jaribu ile test tone kwenye menyu, inapita spika moja moja, ikisikika ya nyuma basi iko nzima. Kwenye seti nyingi rangi za matundu ya spika zinafanana, nyeupe mbele kushoto, nyekundu mbele kulia, kijani ya katikati, bluu nyuma kushoto, kijivu nyuma kulia, zambarau sabufa.

Maneno ya waigizaji yapo chini, mabomu yanaamsha nyumba: spika ya katikati ndo inabeba maneno, iongeze yenyewe peke yake desibeli mbili tatu, na usiku washa Night au DRC, inayopunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo. Ukikuta kuna 5.1 (spika tano na sabufa) imechaguliwa kwenye deki wakati una spika mbili, ndo hivyo maneno yamepelekwa kwa spika ambayo haipo, rudisha 2 chaneli.

Besi imepotea ghafla baada ya kuhama nyumba: kwenye spika moja umegeuza plasi na mainasi, moja inasukuma nyingine inavuta na besi zinauana hewani.

PROTECT ikitokea zima haraka, toa waya zote za spika, washa. Ikiwaka salama, kuna uzi mmoja wa shaba umegusa jirani yake nyuma, au umeweka spika za omu chache kuliko zilizoandikwa kwenye mziki. Ikiandika tena bila spika hata moja, ndani kuna kilichoungua.

Mdomo na sauti haviendi pamoja: TV inachelewesha picha kwa kuirembesha na sauti inatangulia, ongeza Audio Delay kwenye mziki, milisekunde 40, 80, hadi midomo ikae. Sauti ikichelewa yenyewe kwa sababu ya Bluetooth, weka waya.

Sauti inasikika, kioo cheusi

Zima taa za sebuleni, TV ikiwa inaongea chukua tochi ya simu, iegemeze karibu na kioo kwa pembeni, angalia vizuri. Ukiona vivuli vya picha vinatembea ndani, kioo chako kizima, bodi nzima, taa za nyuma ya kioo ndo zimekufa. Ni mistari ya vitaa vidogo vya LED vimeunganishwa kama shanga, kimoja kikikatika shanga yote inazima. Hii inatengenezeka, usikubali kuambiwa kioo kimekufa kabla ya tochi. Na TV ambayo bado nzima, ingia sasa hivi upunguze Backlight kutoka 100 hadi kama 60 au 70, vile vitaa vinakufa kwa joto na wengi wetu tunaacha zinawaka mwisho usiku na mchana.

Umeme wetu: ukikatika, chomoa, usisubiri urudi ndo ukimbie. Weka gadi ya TV, ile inayosubiri umeme utulie ndo inaruhusu, na masika ikianza kupiga radi chomoa na waya wa antena pia, maana radi inapita huko. Na kabla ya kuchomeka kitu cha kutoka ughaibuni soma kibati cha nyuma. Shemeji yangu alibeba mziki mzima kutoka Marekani, umeandikwa AC 120V 60Hz, akauchomeka Tabata kwenye 230V, moshi ukatoka hata rimoti hajaipata kwenye boksi. Ukiona 100-240V uko salama, ukiona 120 peke yake au 100 ya Japani tafuta transfoma ya kushusha. TV za huko pia hazitashika vituo vyetu kwa antena, sisi Tanzania tangu analojia ianze kuzimwa Dar tarehe 31 Desemba 2012 tuko kwenye dijitali, mfumo wa DVB-T2 na za Marekani zina ATSC, kwa hiyo utahitaji king'amuzi.

Matatizo yanayonunuliwa dukani

Pima sebule yako kwanza. Kwa muvi, umbali kutoka kochi uwe kama mara 1.6 ya urefu wa kioo kona kwa kona: inchi 43 ni mita 1.75, inchi 55 ni kama mita 2.2, inchi 65 ni mita 2.6. Mtu ana mita nne kanunua 32 afu anadhani macho yamezeeka. Na usiitundike juu karibu na dari, katikati ya kioo ikutane na macho ukiwa umekaa, shingo yako itashukuru muvi ya pili.

Wati za kwenye boksi la sabufa, PMPO 10,000 sijui 12,000, ni za matangazo tu, zisahau. Geuza nyuma soma inakula wati ngapi za umeme. Ikiandikwa 60W basi haiwezi kukupa zaidi ya 60 za kudumu, hakuna mashine inatoa kuliko inachokula.

Kwenye TV hesabu HDMI na utafute neno ARC kwa macho yako mwenyewe, usiulize. Jina la kampuni lililobandikwa kwa stika mbele halitoshi, ingia Settings, About, soma jina la modeli na lilingane na kibati cha nyuma. Na beba flashi yenye muvi mbili, moja ya DTS na moja ya H.265, pamoja na DVD yako moja ya nyumbani unayoijua vizuri, waombe wachomeke palepale kaunta uone na usikie kabla hela haijatoka mfukoni.